Tangi la Datsun 240Z lililovuja: uzoefu wangu na mafundi wa rejeta

Kama una gari la zamani na buti linanuka petroli kila ukifungua, soma hapa. Nilipeleka Datsun 240Z ya mwaka 1972 kwa mafundi wa rejeta upande wa Kirinyaga Road, Nairobi, wale wanaofanyia kazi chini ya mabati, na kazi yao nimeipenda sana. Tangi limerudi kavu.

Gari lenyewe wengi mnalijua. Ndilo lililompa ushindi wa Safari Rally Edgar Herrmann mwaka 1971, kisha Shekhar Mehta mwaka 1973, kwa hiyo hapa Kenya mtu akiwa nalo hakubali life hivihivi. Tangi lake la lita 60 hukaa nyuma, chini ya sakafu ya buti, likiwa limebanwa kwa mikanda miwili ya chuma. Taabu huanzia kwenye mikanda hiyo. Kati ya mkanda na tangi kuna kitambaa cha kuzuia kelele, nacho hunyonya maji na tope la barabarani. Hakikauki kamwe. Chuma huliwa hapo chini kwa chini bila mtu kuona, mpaka siku ya kwanza ya tone.

Gereji niliyoanzia, ambayo siitaji, walilala chini ya gari wakasugua sabuni ya kipande kwenye ufa. Sabuni haina ubaya kama umekwama njiani, maana petroli haiiyeyushi na utafika nyumbani. Kilichonitia hofu ni mpango wao wa pili: kumwaga mafuta na kuchomelea palepale, tangi likiwa garini. Niliondoka na gari langu. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu kinachoshika moto ni mvuke, na hewa ikiwa na mvuke wa petroli asilimia 1.4 tu inatosha kulipuka. Tena mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutulia chini na kutambaa hadi ukutane na cheche.

Wale wa rejeta walinionyesha tofauti kabla hata ya kushika spana. Walilisukuma gari nje, mbali na shimo la kukagulia, kwa sababu mvuke ukishuka shimoni haupandi tena. Wakatoa waya wa betri, hasi kwanza. Mafuta wakayatoa kwa boliti ya chini hadi kwenye mtungi wa chuma. Nati za mikanda zilikuwa zimeshika kutu, wakazilowesha mafuta ya kulainisha na kuziacha zilale hivyo. Siku iliyofuata zikaachia bila kukatika, na tangi likashuka polepole juu ya ubao uliowekwa kwenye jeki.

Fundi mkuu, mzee mpole, alikwangua sehemu iliyokuwa imefunikwa na mkanda wa kushoto, na bisibisi ikapenya bila kusukumwa. “Hii si ya kuziba, bwana. Hii ni ya kukata,” akaniambia. Alipolitikisa tangi, kutu ililia ndani kama kokoto kwenye debe. Hapo nikaelewa kwa nini kabureta zilikuwa zinaziba kila mara.

Walilichemsha kwa maji ya magadi makali, wakalisuuza tena na tena, kisha wakaliacha wazi likauke. Kabla ya kuweka moto, alilijaza maji hadi karibu na sehemu ya kazi, ili mvuke usipate pa kukaa. Akakata chuma kilichooza, akaweka bati jipya kwa lehemu. Halafu jaribio: matundu yote yakazibwa, tangi likazamishwa kwenye beseni kubwa, na hewa kidogo ikapulizwa. Viraka havikutoa hata povu moja. Mapovu yalionekana kwenye kifuniko cha geji ya mafuta tu, akabadilisha mpira wake mbele ya macho yangu.

Yapo ambayo hayakunifurahisha. Walitaka kurudisha hosi za zamani, zile ngumu zenye nyufa, na walipokubali kubadilisha wakaleta hosi ya maji. Hosi ya maji hulainika na kuvimba ikigusa petroli. Nilinunua mwenyewe za mafuta pamoja na klipu zake. Walitaka pia kurudisha vile vitambaa vya mikanda. Nilikataa, tukaweka vipande vya mpira usionyonya maji. Na rangi ya nje waliipaka nyepesi mno kwa kitu kinachopigwa na mawe, hivyo nimeongeza koti jingine.

Kuhusu dawa ya kupaka ndani ya tangi, fundi hakuipendekeza, nami nakubaliana naye. Ikishikilia ni sawa, lakini ikibambuka vipande vyake huenda moja kwa moja kwenye kabureta. Badala yake nimefunga chujio la kuonekana ndani kabla ya pampu, na kila nikifungua boneti nalitazama.

Nililipa shilingi 18,000 kwa kutoa, kusafisha, kukata, kuziba na kurudisha, hosi kando. Ukienda, nenda na hosi, klipu na mipira yako, na uwaombe wafanye jaribio la maji ukiwepo.