Banda la Ngamiani, Tanga: hapa ndipo pa kuangalia gofu ya timu

Mabanda mengi ya mpira mjini Tanga huonyesha gofu pale tu chaneli nyingine zinapokosa mechi, na Coastal Union ikiingia Mkwakwani hata hiyo huzimwa. Banda hili la Ngamiani lilionyesha Ryder Cup ya 2025, mashindano ya gofu ya timu kati ya Ulaya na Marekani, siku zote tatu, tangu Ijumaa 26 Septemba hadi Jumapili 28, kutoka uwanja wa Bethpage Black, New York. Kwa mshabiki wa gofu ndilo la kwenda, na sababu kubwa ni ubao wa chaki uliotundikwa pembeni ya skrini.

Jumapili ya Ryder Cup kuna mechi 12 za mmoja kwa mmoja uwanjani kwa wakati mmoja. Televisheni haiwezi kuzifuata zote. Inaruka kutoka shimo la 4 kwenda la 11, na anayefika saa 3 usiku hajui nani yuko wapi. Hapa kijana wa banda amechora mistari 12, Ulaya kushoto, Marekani kulia, na katikati anaandika anayeongoza, kwa mashimo mangapi, na wamefika shimo la ngapi. Juu kabisa kuna namba mbili: 14 na 14½. Kila mechi ni pointi moja, sare ni nusu kwa kila upande; pointi zote za siku tatu ni 28, na bingwa mtetezi hubaki na kombe hata kwa sare ya 14. Ulaya walikuwa wamelitwaa Roma 2023, kwa hiyo wao walihitaji 14 na Marekani 14½. Mgeni wa gofu akiziona namba hizo ameshaelewa nusu ya mashaka ya usiku ule.

Ubao ndio uliosaidia pia kwenye suala la Viktor Hovland wa Ulaya. Aliumia shingo asicheze, na kwa kanuni ya bahasha (kila nahodha huweka humo jina la mchezaji wake atakayekaa nje iwapo wa timu pinzani ataumia) mechi yake na Harris English wa Marekani ikahesabiwa sare bila mpira kupigwa: nusu kwa nusu. Ulaya waliokuwa wanaongoza 11½ kwa 4½ wakawa 12 kabla jasho halijatoka, zikabaki mechi 11. Kisha Marekani wakaanza kurudisha. Matt Fitzpatrick wa Ulaya alikuwa mbele kwa mashimo 5 baada ya mashimo 7 tu, na Bryson DeChambeau wa Marekani akayalipa yote, wakatoka sare. Katika gofu ya mikwaju, ambapo mikwaju yote hujumlishwa, shimo moja baya linakufuata hadi mwisho. Katika gofu ya shimo kwa shimo, ukipiga mikwaju 9 umepoteza shimo moja tu, basi. Ndiyo maana kuiona tarakimu ikifutwa, 5 ikawa 4, 4 ikawa 3, kunasisimua kuliko picha yenyewe. Ulaya walishinda mechi moja tu siku ile, ya Ludvig Åberg. Shane Lowry wa Ulaya alipoingiza mpira shimo la 18 na kupata nusu pointi dhidi ya Russell Henley, ubao ukasoma 14 na banda likalipuka. Mwisho ukawa 15 kwa 13.

Picha ina kasoro, na inarekebishika. Projekta imeunganishwa kwenye king'amuzi kwa waya wa rangi tatu, ule wa njano, nyekundu na nyeupe. Kwa mpira wa miguu unavumilika. Kwa gofu haufai: mpira una upana wa milimita 43 hivi, na ukipaa kwenye anga jeupe unapotea kabisa. Waya wa HDMI ungemaliza tatizo. Pia picha imevutwa hadi kingo zimekatwa, na kwenye gofu matokeo huandikwa pembeni. Mwenye banda arudishe mpangilio wa skrini kuwa 16:9. Mchana jua linapenya kwenye mabati, na mechi za asubuhi ya New York huanza saa 8:10 mchana kwetu. Ile televisheni ya ukutani, inayotumia HDMI, ni ndogo lakini safi. Kaeni upande wake.

Sauti ndiyo iliyoniudhi. Jumapili Newcastle na Arsenal walianza saa 12:30 jioni, gofu ikaanza saa 1:02 usiku, na kwa saa nzima na zaidi gofu ilikuwa bubu kwenye televisheni ya pembeni. Mwenye banda ana wateja wake, sawa, lakini spika ya pili ndogo ingetosha. Umeme ukikatika jenereta huwashwa haraka. Kinachochelewesha ni king'amuzi kuwaka upya na kutafuta chaneli. Betri ndogo ya UPS kwa king'amuzi peke yake ingeokoa mashimo mawili matatu.

Kiingilio ni shilingi 1,000 kwa siku nzima. Kahawa na kashata zipo, mishkaki iko nje.

Mtanzania hana timu kwenye Ryder Cup, anachagua tu kama anavyochagua klabu ya Uingereza. Presidents Cup ni yetu zaidi: Marekani dhidi ya dunia nzima isipokuwa Ulaya, na Waafrika Kusini na Wazimbabwe wameichezea. Mwaka 2003 ilikuja Afrika, Fancourt, Afrika Kusini. Timu zilitoka sare, Ernie Els wa Afrika Kusini na Tiger Woods wa Marekani wakapelekwa mashimo ya ziada, giza likaingia baada ya matatu, na manahodha Gary Player na Jack Nicklaus wakakubaliana kugawana kombe. Naipenda gofu kwa sababu ya jioni kama hiyo.

Presidents Cup ya 2026 iko Medinah, karibu na Chicago, saa 8 nyuma yetu, hivyo mechi nyingi zitatufikia usiku. Ina siku 4, pointi 30, mshindi anahitaji 15½. Pita bandani wiki moja kabla, uliza kama kifurushi chenye chaneli ya gofu kimelipiwa, na mkumbushe mwenyewe habari ya ule waya.