Duka la picha za ubao, Jimbocho Tokyo: picha safi, fremu achana nazo

Wadau mnaopenda picha za Kijapani, zile za kuchapwa kwa mbao, mkifika Tokyo pitieni Jimbocho, mtaa wa vitabu vya mtumba, maduka ya picha yako kibao. Mi nilikuwa nasaka kitu kimoja tu, wale wanawake wa Utamaro, mchoraji wa Kijapani wa enzi hizo, waliovaa mavazi ya maigizo kwenye sherehe ya Niwaka. Hiyo ilikuwa inafanyika Yoshiwara, mtaa wa starehe wa Edo, ndo Tokyo ya sasa, mwezi wa 8 kwa kalenda yao ya zamani, basi magesha, wale wanawake wasanii wa kuburudisha wageni, wanatoka barabarani mmoja kavaa kama mcheza mieleka, mwingine mgeni wa kutoka ng'ambo, mwingine ana kichwa cha simba anacheza ngoma. Utamaro akawachora miaka ya 1790.

Za zamani zenyewe bei yake tuwaachie makumbusho. Nimechukua iliyochapwa upya, ila kwa mkono na kwa mbao za kuchongwa, na hapo ndo duka limenikosha maana mzee muuzaji kaigeuza picha mwenyewe bila kuombwa, akanionyesha mgongoni rangi ilivyozama kwenye karatasi, na alama za baren, kile kisahani cha kusugulia kilichofungwa ganda la mwanzi. Akaweka na ile ya ofseti, yaani ya kuchapwa na mashine, pembeni: nyuma nyeupe pee, mbele ukipiga lenzi ni vidoti vitupu, na kwenye meza hiyohiyo zimechanganywa zote bila kuandikwa ipi ni ipi, so kama hujui unaliwa.

Halafu angalia nywele pale kwenye paji la uso, kwenye ubao wa mti wa mcheri kila unywele umeachwa umesimama, pembeni yake ndo kumechongwa, aisee. Mchongaji ndo kafanya hiyo kazi, Utamaro alitoa mchoro wa brashi tu, ila sahihi kubwa ni yake, mchongaji wala hatajwi. Kila rangi na ubao wake, na kwenye hii yangu rangi hazijahama hata pembeni ya mkanda wa kimono.

Fremu zao msinunue, kioo kinagusa karatasi, unyevu ukiingia imekula kwako. Maelezo Kijapani kitupu. Na ukishaitundika usiiweke juani, rangi zinapauka. Bei imechangamka kidogo lakini nimelipa roho safi, nyota 4, ile ya tano imeondoka na fremu.