Mbegu za bitiruti za Detroit Dark Red, kwa anayetaka majani

Aina ya bitiruti iitwayo Detroit Dark Red ni ya kale. Ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1892, na hadi leo hupatikana kwa urahisi katika maduka ya pembejeo ya Nakuru. Sifa zilizochapishwa kwenye kipakiti nilichonunua zote zinahusu mzizi: umbo la mviringo, wekundu uliokolea hadi ndani, na kukomaa kwa muda wa siku 60 hadi 70 hivi. Kuhusu majani, kipakiti kimenyamaza. Tathmini hii inahusu majani hayo, kwa sababu baada ya kuzipanda mbegu hizi nyuma ya nyumba huku Kiamunyi, Nakuru, na kuyala majani yake msimu wote wa masika, nimeridhika kwamba katika bustani ndogo ya nyumbani majani ndiyo yanayorudisha pesa ya mbegu, na mzizi ni nyongeza.

Anayefungua kipakiti ataona chembe kavu zenye mikunjo. Kila chembe ni kishada cha mbegu kadhaa zilizoshikamana, kwa hiyo huota miche miwili, mitatu au hata minne mahali pamoja, na mkulima hulazimika kuing'oa ili abaki na mmoja kila sentimita kumi. Anayelenga mizizi huiona hiyo kuwa kazi ya ziada, lakini mla majani huwa ameanza kuvuna, kwani miche inayong'olewa ikiwa na majani manne au matano huliwa yote, pamoja na kijimzizi chake. Mbegu zangu nilizilowesha usiku kucha kabla ya kupanda, na ziliota vizuri, ingawa si kwa siku moja.

Ladha ya majani iko karibu sana na ile ya spinachi tunayouziwa sokoni. Hilo si ajabu, kwa kuwa spinachi hiyo yenye mabua meupe mapana, ambayo wakulima wengi huipanda kwa mbegu za Fordhook Giant, ni ya spishi moja na bitiruti, yaani Beta vulgaris. Hata hivyo, jani changa la bitiruti, lenye urefu wa kiganja, ni laini kuliko la spinachi na lina utamu kidogo, na ile harufu ya udongo inayowafanya watu wengi waukatae mzizi husikika kwa mbali tu. Jani likizeeka hukakamaa na kikonyo chake huwa na nyuzi, kwa hiyo afadhali kuchuma mapema na mara kwa mara. Mimi huchuma majani mawili au matatu ya nje kwa kila mmea na kuyaacha ya katikati. Ukiupokonya mmea zaidi ya hapo, mzizi hudumaa.

Jikoni, jambo la kwanza ni kutenganisha vikonyo na majani, kwa sababu haviivi kwa wakati mmoja. Vikonyo hukatwa vipande vidogo na kuingia kwenye kitunguu kinachokaangwa, kisha nyanya, na majani hufuata mwishoni kwa dakika chache tu. Sufuria nzima hugeuka nyekundu na ugali ulioguswa na mchuzi nao hubadilika rangi, jambo ambalo watoto hulifurahia na baadhi ya wageni hulitilia shaka. Jirani yetu anayetoka Vihiga alinishauri niyapike kama anavyopika mboga za kienyeji, yaani kuyachemsha, kuyachuja, kuyatia maziwa na kuyapasha tena siku ya pili, na kusema kweli hivyo ndivyo yanavyokuwa matamu zaidi. Njugu zilizosagwa pia huyafaa. Yakichanganywa na managu (mnavu), utamu wake hupunguza uchungu wa managu, nao mchanganyiko huo ningempikia mtu yeyote. Kwenye mrenda, ile mboga ya kuteleza, kwa maoni yangu, hayana kazi.

Upande wa lishe, majani huupita mzizi kwa mbali. Gramu 100 za majani mabichi zina takriban miligramu 117 za kalsiamu, ilhali mzizi wa uzani huo una 16 hivi. Madini ya chuma nayo ni takriban miligramu 2.6 dhidi ya 0.8. Lakini takwimu hizo zisisomwe kijuujuu. Majani haya yana oksaleti nyingi, ambayo hushikamana na kalsiamu na kuuzuia mwili kuifyonza yote, na ambayo huchangia mawe ya figo kwa watu wenye mwelekeo huo. Kuyachemsha katika maji mengi na kuyamwaga maji hayo hupunguza oksaleti, na hiyo ni sababu nyingine ya kuufuata ushauri wa jirani. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, azungumze na daktari wake kabla ya kuyafanya mboga ya kila siku, kwa kuwa yana vitamini K kwa wingi, ambayo hupunguza nguvu ya dawa hiyo.

Kasoro zipo. Kuna mabuu ya nzi wanaochimba vijia ndani ya jani na kuliachia mabaka ya kahawia yaliyokauka. Kwa kuwa jani lenyewe ndilo chakula, sikupuliza dawa, bali niliyachuma yaliyoathirika na kuyaharibu. Majani hunyauka haraka mno baada ya kuchumwa, na bila shaka ndiyo maana wauzaji wengi sokoni huyakata na kuyatupa. Hata yakiwepo, mnunuzi hawezi kujua yalipuliziwa nini shambani. Zaidi ya hayo, yakipikwa husinyaa kupita kiasi, hivyo familia kubwa inayotegemea mboga ya bustani kila jioni isiing'oe sukuma wiki ili kuipisha bitiruti.

Nitazinunua tena, ila kipakiti kidogo, na nitakuwa nikipanda mistari michache kila baada ya wiki tatu ili majani machanga yasikatike. Udongo mwepesi wa Nakuru na baridi yake ya usiku huupendeza mmea huu, mradi upate samadi iliyooza vizuri. Kwa anayeishi Kisumu, ambako joto ni kali zaidi, ningependekeza tuta linalopata kivuli chepesi cha alasiri, maji ya kutosha, na kuchuma mapema kuliko nilivyofanya mimi.