Upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula: uzoefu wangu nikiwa Tanga

Kwa anayetaka jibu la haraka: ndiyo, ningekubali tena, na ndugu yangu mwenye hali kama niliyokuwa nayo ningemshauri aende. Hospitali iliyonifanyia, ambayo ni ya binafsi na iko Dar es Salaam, naipa alama za juu kwa kazi ya chumba cha upasuaji. Kwa kumwandaa mgonjwa arudi nyumbani kwake, naipa alama za chini. Na kwangu mimi nyumbani ndiko kulikokuwa na kazi kubwa.

Nauza madera na vitenge Ngamiani, kazi ya kukaa kutwa. Nilikuwa na kilo 118 kwa urefu wa mita 1.62, yaani BMI, kile kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu, karibu 45. Kisukari aina ya pili, presha, magoti. Kupunguza uzito nilishapunguza mara nyingi: niliacha wali, nikatembea alfajiri hadi Raskazone, nikanywa zile chai za kukondesha. Uzito ulikuwa unashuka, halafu unarudi na nyongeza. Daktari ndiye aliyenieleza kwamba mwili uliozoea unene mkubwa unaupigania uzito wake: ukipungua, njaa inaongezeka na mwili unabana matumizi ya nguvu. Nilitoka pale nimetuliwa mzigo, maana maisha yangu yote nilikuwa naambiwa sina nia.

Kilichonifanya niamue ni swala. Nilikuwa nasali nimekaa kitini kwa sababu ya magoti, na umri wangu haujafika huko. Mwanangu wa mwisho alikuwa hajawahi kuniona nikisujudu. Nikasema basi, hili lishughulikiwe.

Niliwekewa njia tatu mezani. Ya kwanza ni puto, linaloingizwa tumboni kupitia mdomoni bila kukatwa na kutolewa baada ya miezi kadhaa. Hiyo wengi wanaijua kwa sababu hata hospitali ya Mloganzila, Dar, wanaliweka. Ya pili ni slivu, yaani kukata mfuko wa chakula na kubakiza sehemu nyembamba. Ya tatu ni baipasi, ambapo kifuko kidogo kinaunganishwa na utumbo mbele zaidi, chakula kinaruka sehemu ya njia. Puto sikulitaka, nikijua kwa uzito wangu likitolewa nitarudi nilikotoka. Baipasi ni nzuri zaidi kwa mwenye kiungulia kikali, kwani slivu inaweza kukizidisha. Mimi kipimo cha kamera kilionesha sina tatizo hilo, nikachagua slivu.

Wengi mnaniuliza kama mnafaa. Kwa miaka mingi kigezo kilikuwa BMI ya 40, au 35 kwa mwenye maradhi yatokanayo na unene. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya madaktari wa upasuaji huu vililegeza: 35 hata bila maradhi, na 30 kwa mwenye kisukari au maradhi ya aina hiyo. Mwenye kilo kumi za baada ya uzazi hahusiki hapa, na akikuta mtu yuko tayari kumkata, akimbie.

Kabla ya upasuaji nililishwa vyakula vya majimaji tu kwa muda, ili ini linywee na daktari apate nafasi ya kufika tumboni. Njaa ya kipindi kile ilikuwa kali kuliko yote yaliyofuata. Siku yenyewe sina mengi ya kusimulia: nusu kaputi, matundu madogo tumboni, nikaamka koo kavu na bega linauma kwa ile hewa wanayojaza. Jioni ile ile muuguzi akanisimamisha nitembee korido ili damu isigande miguuni. Waliondoa takriban robo tatu ya mfuko, na hairudishwi. Sehemu iliyotoka ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa iitwayo ghrelini, ndiyo maana miezi ya mwanzo nilikuwa nakumbushwa kula.

Sasa lawama yangu. Nilitoka hospitali na karatasi ya chakula iliyojaa brokoli, jibini laini na nyama ya bata mzinga. Hakuna samaki wa kupaka, hakuna mtindi, hakuna hata neno moja kuhusu nazi. Mtu wa Tanga umpe karatasi ile afanye nini? Nilikaa na dada yangu jikoni tukaitafsiri kwa vyakula vyetu. Wiki za majimaji ilikuwa supu ya samaki changu iliyochujwa kwa kitambaa na maziwa yasiyo na mafuta mengi. Wiki za kusaga, changu yule yule akitolewa miba na kupondwa na mchuzi mwepesi, vijiko vitatu vinne naweka sahani pembeni. Baadaye yai, maharage laini, dagaa wa kuchemsha. Lengo nililopewa ni protini isiyopungua gramu 60 kwa siku, na kipande cha samaki cha gramu 100 kinakupa kama 20, kwa hiyo samaki anatangulia kila mlo na wali unafuata kama nafasi ipo. Mara nyingi haipo. Wali mkavu na hamri vinakaa kifuani kama kizibo, na ukilazimisha vinarudi vilikotoka. Maji hayanywewi na chakula, yanasubiri nusu saa.

Hayo ya tumbo yanazoeleka. Sinia ndilo halikubadilika. Kwetu tunakula pamoja, mkono kwa mkono, na anayenawa mapema anaulizwa kulikoni. Mara ya kwanza kwenda kwa mama mkwe Makorora baada ya upasuaji, aliniwekea mnofu wa kuku mbele yangu, nikala kidogo, nikashukuru. Akasema, "Mwanangu, chakula changu kimekuwaje?" Nikamjibu, "Kitamu sana mama, daktari ndiye aliyenipa kipimo." Akanyamaza, lakini niliona ameumia. Mume wangu ilibidi arudi peke yake kesho yake akamweleze kwa utaratibu tumbo langu limefanywa nini. Tangu hapo mama mkwe ananiwekea kisahani cha chai chenye samaki, na mtu akinisukumia wali yeye ndiye anayemkatalia. Laiti mazungumzo yale yangefanyika kabla sijapanda basi la Dar. Hakuna aliyetuambia, na naamini ni kazi ya hospitali kumwita mume au mama na kumkalisha chini.

Kisha maneno ya mtaa. Unene kwetu ni dalili ya mke anayetunzwa, na kukonda haraka kuna tafsiri yake. Nywele nazo zilipukutika kuanzia kama mwezi wa nne, jambo la kawaida baada ya kupungua kwa kasi, na zilirudi zenyewe. Lakini nywele kukatika na mashavu kuingia ndani kwa pamoja, watu wakahitimisha. Mteja wangu wa siku nyingi alinishika mkono dukani akaniambia kwa sauti ya chini kwamba dawa siku hizi zipo na watu wanaishi. Alikuwa na nia njema kabisa. Mwanzoni nilikuwa nimefanya siri, ila baada ya siku ile nilianza kusema wazi, shughulini na dukani, na maneno yakaisha yenyewe. Kila mtu na familia yake, lakini mimi siri ilinichosha.

Ramadhani ya kwanza daktari alinikataza kufunga, kwa hofu ya kukaukiwa maji, kwa kuwa nilikuwa nakunywa kwa mafunda madogo tu. Iliyofuata nilifunga kwa ruhusa yake: nafturu kwa maji na supu, nasubiri, samaki, na magimbi vipande viwili.

Leo nina kilo 84. Dawa ya sukari nimepunguziwa sana, presha bado nameza. Nasali kwa miguu yangu na kusujudu. Ngozi ya mikono na tumbo imelegea na haitarudi kwa mazoezi. Nashona mikono mirefu. Vitamini ni za maisha yote: B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D, pamoja na vipimo vya damu, na bajeti hiyo iwekeni kando kabla ya kuanza. Diklofenaki na ibuprofeni, dawa za maumivu tunazonunua dukani kama pipi, nimekatazwa kwa sababu zinaweza kuleta vidonda vya tumbo. Dada ambaye bado anazaa aambiwe pia kwamba mimba husubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu.

Kabla ya kulipa, ulizeni jambo moja: nikiwa Tanga, zaidi ya kilomita 300 kutoka kwenu, nikapata homa, moyo ukaenda mbio, au nikatapika mfululizo, nampigia nani? Mshono wa ndani kuvuja hutokea kwa wachache, lakini ukichelewa unaua. Mimi nilipewa namba ya muuguzi inayopokelewa usiku, na niliitumia mara moja, akanisikiliza, akaniuliza maswali, akanielekeza niende kupimwa usiku ule ule badala ya kungoja asubuhi. Ilikuwa upungufu wa maji tu. Hospitali isiyokuwa na namba kama hiyo, msiwape fedha zenu.