Barthel au malengo ya mgonjwa mwenyewe?

Barthel, ile skeli ya 1965 ya kupima mgonjwa anajimudu vipi kwa mambo ya kila siku, mie naipenda kwa wepesi wake, vipengele 10, kula, kuoga, kuvaa, kupanda ngazi, unajumlisha mpaka 100 na daktari yeyote ataelewa. Lakini nenda nayo Wete kwa bibi alopigwa na kiharusi, haimuulizi kama anaweza kukaa kwenye mbuzi akakuna nazi wala kusujudu akainuka, na hayo ndo anayoyalilia! Hapo skeli ya GAS (Goal Attainment Scaling, yaani kupima mgonjwa amefikia wapi kwenye malengo yake) ni bora mno, mnakaa nae mnapanga lengo, mfano baada ya wiki 6 akune nusu nazi bila kushikwa, akifikia anapata 0, akizidi +1 au +2, akipungukiwa -1 au -2. Inakula muda kweli, na lengo likipangwa jepesi alama zinadanganya. Mie naanza na Barthel siku ya kwanza, halafu namuuliza bibi anataka nini na mazoezi yote yanafuata jibu lake.