Gari-nyumba la futi 25 kwa wazee wawili: zuri barabarani, ila uani kwa mtoto lina masharti

Watu waliostaafu Marekani huku watoto wametawanyika, mmoja Dallas, mwingine Columbus, kitinda mimba Minneapolis, huanza kwa kulitamani lile basi kubwa la futi 40. Basi hilo halikati kona ya mtaa wa mtoto. Kwa kazi ya kuzunguka kuwaona wajukuu, gari linalofaa ni RV (gari-nyumba) ya aina ya Class C ya futi 24 au 25: kichwa cha Ford E-450, nyumba nyuma, na kitanda kilichotokeza juu ya dereva. Tunaliwekea alama nzuri, ila si kwa ajili ya makochi na taa zake. Uzuri na udhaifu wake hujulikana siku linapoegeshwa mbele ya nyumba ya mtoto na kuchomekwa kwenye soketi ya gereji.

Barabarani halina maneno mengi. Matoleo ya karibuni yana injini ya petroli ya V8 ya lita 7.3, na ya zamani kidogo V10 ya lita 6.8. Zote zinakunywa: tegemea maili 8 hadi 10 kwa galoni, na chini ya hapo upepo ukikukabili. Uzito wa mwisho unaoruhusiwa ni pauni 14,500, kwa hiyo katika majimbo mengi leseni ya kawaida inatosha. Kwenye mteremko mrefu bonyeza kile kitufe cha kuvutia mizigo kwenye mkono wa gia. Gia hujishusha yenyewe na breki hazichemki. Kimo ni futi 11 na ushei, kiandike kwenye karatasi ukibandike mbele ya dereva, maana zile parkway za New York, barabara za magari madogo, zina madaraja ya kimo cha chini yasiyopitisha gari la namna hii. Anayetoka New York kwenda Maryland ajue pia kwamba mahandaki mawili ya Baltimore hayaruhusu gari lenye tangi la propeni (gesi ya jiko) kubwa kama la gari hili. Zamani watu walizunguka kwa daraja la Francis Scott Key. Lilianguka Machi 2024, hivyo njia ni I-695 upande wa magharibi. Ramani ya simu haijui kwamba umebeba gesi.

Ndani, chagua mpangilio wenye kitanda kinachozungukwa pande zote mbili. Kile cha kubanwa kwenye kona huonekana kizuri kwenye picha, lakini saa nane za usiku anayelala ukutani akitaka kwenda chooni lazima amparamie mwenzake, na kwa magoti ya miaka 70 hilo si jambo dogo. Kitanda cha juu ya dereva waachieni wajukuu. Jiko lina plate tatu za gesi na chapati zinapikika vizuri, ila washa feni ya paa na ufungue dirisha kabla kikaango hakijashika moto, la sivyo king'ora cha moshi kitaamsha mtaa.

Sasa umeme. Gari hili limetengenezewa plagi ya ampea 30, volti 120, yaani wati 3,600. Soketi ya gereji ya mtoto mara nyingi ni ya ampea 15, wati 1,800, na kwa matumizi ya saa nyingi mfululizo usizidishe 1,440. Kiyoyozi cha paa cha BTU 13,500 (kipimo cha nguvu ya kupoza) peke yake kinakaribia kiwango hicho, na kinapowaka huvuta zaidi kwa sekunde chache. Ukiongeza maikrowevu, au hita ya maji ikiwa kwenye umeme, swichi inakata. Mara nyingi inakata hata kabla, kwa sababu saketi hiyohiyo inaendesha friza la nyama la mwenye nyumba, naye atagundua keshokutwa. Ulizeni mapema friza limechomekwa wapi. Maji pasheni kwa gesi, kiyoyozi kikiwaka maikrowevu ipumzike, na mkiweza fungeni kile kifaa kinachopunguza mshtuko wa kiyoyozi kinapoanza. Kinalipa gharama yake.

Waya wa kurefushia uwe wa unene namba 10, au namba 12 kama ni mfupi (namba ikipungua, unene huongezeka), usizidi futi 50, na ukunjuliwe wote. Waya mnene uliobaki umeviringishwa hupata joto hadi plastiki inalainika. Ule mwembamba wa rangi ya machungwa wa kukatia majani haufai kabisa: umeme unafika ukiwa umepungua, mota ya kiyoyozi inavuta ampea nyingi kufidia, mwisho inaungua. Kifaa cha ulinzi chenye kupima volti hukata umeme ukishuka chini ya 104 hivi. Msisafiri bila hicho.

Mtoto mwenye nia njema atataka kuwawekea soketi ya ampea 30 kabisa. Wazo zuri, na hapo ndipo magari huunguzwa. Soketi ya RV aina ya TT-30 ni ya volti 120, lakini fundi aliyezoea mashine za kukaushia nguo akisikia “ampea 30” anaunganisha volti 240. Gari likichomekwa, maikrowevu, chaja ya betri na televisheni vinaungua kwa pamoja. Kabla ya kuchomeka, pima kwa mita kati ya waya wenye moto na nyutro: isome 120. Ikisoma 240, mwite fundi arudi.

Jambo jingine la uani ni mwinamo. Njia za kuingizia gari hujengwa zikiwa zimeinama ili maji ya mvua yaende barabarani, na friji ya gesi haivumilii hilo. Kiasi cha nyuzi 3 ubavuni na 6 mbele-nyuma ndicho kikomo. Ukizidisha, amonia, kemikali inayopoza, haizunguki, friji inaacha kupoza na mabomba yake yanaweza kuharibika moja kwa moja. Wekeni vibao chini ya magurudumu, lakini msiyanyanyue magurudumu ya nyuma kwa jeki hadi yaache ardhi, kwa sababu breki ya mkono inashika hayo. Magari mapya yenye friji ya kompresa ya volti 12 hayana usumbufu huu, na kwetu hiyo ni sababu tosha ya kuongeza pesa kidogo.

Matangi: maji safi galoni 40 hivi, ya kuoga na vyombo 30, ya choo 30, hutofautiana kwa modeli. Wawili wakioga haraka, la kuogea linajaa kwa siku tatu au nne. Valvu ya choo isiachwe wazi hata kama bomba limeunganishwa. Maji yanakimbia, uchafu unabaki na kukauka kama kichuguu. Subirini tangi lifike theluthi mbili, fungueni la choo kwanza, kisha la kuogea lisafishe mpira. Wanaotumia maji chooni wana nafuu hapa: tangi hujaa upesi, lakini kichuguu hakiundiki, na vipimo vya kiwango cha tangi havidanganyi kwa karatasi zilizonata. Kwa mtoto, tumieni choo cha nyumbani, na mnapoondoka mpitie kituo cha kumwagia kwenye hifadhi ya jimbo au stesheni kubwa ya malori. Aliyetimiza miaka 62, awe raia au mkazi wa kudumu, anunue Senior Pass ya dola 80 ya maisha. Pamoja na kuingia hifadhi za taifa, hupunguza nusu ya ada katika kambi nyingi za serikali kuu.

Kabla ya yote, mtoto aulize HOA yake, yaani jumuiya ya wenye nyumba. Nyingi hazitaki RV ilale mtaani, nyingine huruhusu siku chache tu. Faini humfuata yeye, si nyinyi.

Anayenunua lililotumika apande ngazi hadi kile kitanda cha juu ya dereva, ndani, abonyeze kwa kidole gumba pembe zote mbili za mbele. Ubao ukibonyea, maji yameingia kupitia maungio ya paa na fremu imeoza. Ondokeni hata kama bei inavutia. Gundi ya maungio hukaguliwa kila miezi sita. Halafu matairi, yote sita: soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi, 2319 ikiwa na maana ya wiki ya 23 ya mwaka 2019. Yaliyozidi miaka saba badilisheni, kashata ziwe nzuri namna gani, na msisahau yale mawili ya ndani nyuma. Hayo hukosa upepo bila mtu kuona, yanachemka, na yakipasuka hurarua sakafu na mabomba yaliyo juu yake. Muuzaji anayekataa msiangalie ya ndani ana sababu yake.