Jeli ya elfu ishirini na tano Sinza: kupaka wanajua, kutoa walinitoa na roho

Jamani leo mnivumilie, naandika nikiwa na hasira. Kidole changu cha pete cha mkono wa kulia mpaka leo nikikamua ndimu naruka. Na hii habari si ya juzi, mwezi umepita na siku zake, tarehe siikumbuki, nakumbuka tu ilikuwa wiki ya harusi ya binamu yangu na mvua zilikuwa zinanyesha, Dar nzima tope.

Saluni iliyonipaka hiyo jeli ya kucha siitaji jina. Ipo Sinza, ina vioo, ina kiyoyozi, wadada wamevaa aproni za pinki, anayeijua ataijua.

Niwaeleze kwanza mimi na kutex tumetoka mbali, ili muelewe kwa nini imeniuma hivi. Mi kazi yangu ni wakala, nakaa kwenye kibanda natoa na kuweka pesa, kutwa nzima mteja sura yangu haioni vizuri kwa ajili ya zile nondo, anachoona ni mikono. Mikono inahesabu noti, mikono inabonyeza simu, mikono inaandika kwenye daftari. Gauni halionekani, viatu vipo chini ya meza, nywele nimejifunga mtandio. Urembo wangu wote upo kwenye kucha kumi. Chupa moja ya rangi pale Kariakoo elfu mbili, ukijua kubembeleza elfu na mia tano, na nakaa nayo miezi mpaka inakauka yenyewe. Nenda kwa fundi wa kitenge uone, ufundi peke yake akikuhurumia elfu ishirini, hapo kitambaa hujanunua, na ukivaa mara mbili watu wameshalizoea. Mi nikibadilisha kucha toka damu ya mzee kwenda njano ya kuwaka ni kama nimenunua nguo mpya, wateja wote wanaona. Anakuja mtu kakunja uso, mtandao unasumbua, hela yake imekwama, anaangalia chini anaona kucha za kijani cha limau, anacheka, "dada kucha hizo!" Biashara inaendelea. Ninazo chupa kumi na nne kwenye kopo la maziwa, bluu bahari, zambarau, kahawia ya kahawa ya maziwa, dhahabu yenye vumbi vumbi, na kila moja naijua nilinunua lini nikiwa na hali gani.

Bibi yangu anaita kutekisi, na sisi wote tunaita hivyo hivyo hata kama chupa imetoka China na imeandikwa jina jingine kabisa. Kumbe Cutex ni jina la kampuni ya Marekani, walianza 1911 na dawa ya kuondoa ile ngozi ya pembeni ya kucha, rangi ikaja baadaye, jina likatufikia mpaka huku.

Sasa mi naswali. Rangi ya kucha inazuia maji yasifike kwenye kucha, udhu hautimii. Hina haina shida kwa sababu inaingia kwenye kucha yenyewe, haikai juu kama gamba, ndo maana mama yangu wa Tanga maisha yake yote ni hina tu. Mi utaratibu wangu toka nipo sekondari ni mmoja, napaka nikiingia kwenye siku zangu, zikiisha nachukua pamba na rimuva, ile dawa ya kutolea rangi, dakika tatu kucha nyeupe, naoga, naswali. Na mi ndo ninachokipendea hicho, kinakuja na kuondoka. Mwezi huu bluu, mwezi ujao chungwa, hakuna kilichonigharimu.

Ikaja harusi. Binamu akasema dada yangu siku yangu usije na kutex ya kubanduka banduka, twende wote tukapake jeli, picha zitatoka vizuri. Nikahesabu siku nikaona zinaangukia pale pale kwenye harusi, nikasema basi. Na kabla sijakaa kwenye kiti nikamuuliza yule dada mpakaji, kwa mdomo wangu huu, hii inatoka? Akaniambia inatoka vizuri tu, ukija tunakutoa dakika chache. Hayo maneno yashikeni.

Kupaka alipaka. Kwa kweli siwezi kusema uongo. Rangi ilikuwa ile ya embe dodo ukilikata, na mkono wake umetulia, hakugusa ngozi hata kidole kimoja. Anapaka, unaingiza mkono kwenye kile kitaa cha bluu, unatoa imeshaganda, anapaka tena, unaingiza tena. Nikatoa elfu ishirini na tano yangu nikaondoka natembea nimenyoosha vidole.

Harusi ikapita. Siku zangu zikaisha kama siku ya sita hivi toka nipake, nikachukua pamba na rimuva yangu kama kawaida. Wapi! Nimesugua mpaka pamba imeisha, haikutoka hata doa. Ndo nikaja kuelewa kwamba rangi ya kawaida inakauka kwa ile dawa kuruka hewani, ndo maana ukiirudishia dawa inayeyuka, lakini jeli haikauki, inagandishwa na taa, inakuwa kitu kingine kabisa. Haya hakuna aliyeniambia wakati natoa hela.

Nikapanda daladala nikarudi. Ndani kulikuwa na wanawake kama watano hivi wamekaa. Yule dada akaniangalia mikono, "mbona mapema, hiyo ya wiki tatu." Nikamwambia mdogo wangu nimekuja kutoa. "Kutoa elfu kumi." Nikamwambia hukunieleza kama kutoa kuna hela. Kimya. Nikamwomba kwa sauti ya chini, nikamweleza nimetoharika nataka kuswali. Mnajua alifanya nini? Akageuka kwa wenzake akasema kwa sauti, "Sasa kama anajua anaswali, jeli alifuata nini?" Wakacheka wawili. Mambo yangu ya ndani, ya mwanamke, niliyomnong'oneza, akayaanika mbele ya watu nisiowajua.

Nikakaa tu. Nilitaka zitoke. Akawasha mashine yake ya kusaga akasaga juu juu, halafu akaona anachelewa, akachukua kile kichuma cha kusukumia ngozi akakiingiza kwa pembeni akawa anabandua. Anabandua kama anatoa maganda ya muhogo. Nikamwambia inauma. "Vumilia, si ulitaka urembo." Kilipofika kidole cha pete jeli ikatoka na kucha yangu, si yote, ni tabaka la juu, nikaona pamebaki pekundu pamekuwa laini kama ngozi ya mtoto. Nikavuta mkono. Nikamwambia we mtoto unaniumiza, hii kazi hujafundishwa kutoa?

Hapo ndo akasema. "Kwanza nyie ndo wale wa elfu mbili, rudini kwa wale wa kikapu, hadhi yenu ndo hiyo."

Mwenye saluni alikuwa kaunta. Alisikia. Akaendelea na simu yake.

Nimeshaambiwa maneno mengi na wateja pale kibandani, mtu hela imechelewa dakika mbili anakuita mwizi, nimezoea, jioni nimesahau. Hili halijaniondoka. Hadhi gani? Wale wa kikapu anaowasema ni wale vijana wanaopita mtaani na kikapu cha plastiki na kigoda, anagonganisha vichupa vyake unamsikia kabla hujamwona, unamwita anakaa chini ya mwembe anakusugua miguu anakupaka rangi, elfu mbili, wewe upo na kanga yako nyumbani kwako. Watu wanawasema sana, oo wanashika miguu ya wake za watu, mi miaka yote sijawahi kuona kijana wa kikapu akimvunjia mtu heshima. Na hiyo rangi ya elfu mbili ndo anayoidharau? Revlon hao hao wa vipodozi mnaowaona wakubwa walianza 1932 na rangi ya kucha tu, hawana kingine, na huko Marekani wakati huo uchumi umeanguka watu hawana kazi. Toka zamani hiki ni kitu cha mwanamke ambaye hela ya gauni hana ila hela ya chupa anayo, na anataka apendeze. Leo mtoto wa saluni, ambaye mshahara wake unatoka kwenye kucha hizo hizo, anakuja kuniambia hadhi!

Jioni nikapita kwa kaka yangu, yeye anapiga rangi magari gereji. Nikamwonyesha. Hakucheka. Akasema hata gari, rangi ya zamani haikwanguliwi kavu kavu ukaingia kwenye bati, unaipaka dawa kwanza, unasubiri ilegee ivimbe, ndo unakwangua. Bati la gari la mtu linaheshimiwa, kidole changu hapana.

Na halafu bi harusi mwenyewe! Yeye alikaa nazo, akaja kutolewa kwingine baada ya fungate, saluni ndogo tu ya mtaani kwao. Walimsugua kidogo kwa juu, wakamwekea pamba yenye asetoni kila kidole wakafunga na foili, akakaa dakika kumi na tano anakunywa soda, wakafungua, jeli imejikunja yenyewe wanaifuta tu. Kucha zake nzima. Kumbe dakika kumi na tano na foili, ile tunayofungia kuku! Ndo kilichomshinda yule dada.

Sisemi jeli ni mbaya, naomba nieleweke. Kuna watu inawafaa, na mtu asiyeitoa kila mwezi kama mimi hana neno. Ila na hizo chupa tuwe tunauliza, Umoja wa Ulaya toka Septemba 2025 wamekataza vipodozi vyenye TPO, kitu kilichokuwa kwenye jeli nyingi kuisaidia kuganda kwenye taa. Pale Sinza chupa nilizoziona zilikuwa na namba ya rangi mbele, nyuma maandishi ya Kichina.

Nilikuwa nimeshaamua nyota sifuri. Halafu jana usiku nikaletewa picha za harusi. Nimeshika kikapu cha maua, kucha zinawaka hata ukizungusha picha, na shangazi yangu, naye ni wa hina toka azaliwe, yupo pembeni kanishika mkono anaziangalia. Sijawahi kuwa na mikono mizuri vile. Nikasema hapana, haki ya mtu mpe, mkono wa yule dada kwenye kupaka ni wa nyota tano, na wewe ukiwa na harusi na huna haraka ya kutoa nenda kapake, halafu kutoa katolewe kwingine. Nimeandika hivyo. Halafu asubuhi nimekamua ndimu kwenye uji.

Nyota moja! Na hiyo moja ni ya rangi, si ya mtu. Mnisamehe, nabadilisha badilisha, lakini kila nikitaka kumsifia nasikia ile sauti "nyie ndo wale wa elfu mbili" na wale wanawake wawili wanacheka. Usiende. Au kama unakwenda, nenda na mtu wa kukusemea.

Wiki iliyopita hivi nimesikia vichupa, kling kling, nikatoka mbio getini. Ni kijana mdogo, namfahamu kwa sura, huwa anapita Jumamosi. Nikakaa nikampa mikono, nikamwambia mdogo wangu nipake bluu bahari, nipo siku zangu nataka nichangamke. Akashika kidole cha pete akakigeuza kwenye mwanga. Akauliza nani kakufanyia hivi dada. Nikamweleza. Akarudisha kichupa kwenye kikapu. "Dada hizi sikupaki. Nikipaka rangi hapa dawa itakuchoma na itazidi kuwa nyembamba. Paka mafuta ya nazi usiku, kata fupi, ziache zikue." Nikamwambia elfu mbili yako si ipo hapa. Akasema ninayo ya leo, usijali.

Kijana ambaye akirudi nyumbani mfuko mtupu halali na kitu tumboni, ameniacha na hela yangu mkononi kwa sababu ya kucha moja.

Nimefuatilia kucha ya mkono inakua kama milimita tatu kwa mwezi, kwa hiyo kuipata nzima toka chini mpaka juu ni nusu mwaka. Kipande kipya kimeshaonekana kwa chini, kigumu, kinang'aa, urefu wa nusu punje ya mchele. Kopo langu la maziwa nimelifunika, nafungua siku moja moja navitingisha vichupa visigande.

Siku ile alipokuwa anainuka na kigoda chake nikamwambia subiri. Miguu ni mizima. Akakaa tena, akaosha, akasugua, akanipaka vidole kumi kijani cha limau, na akaniuliza mara mbili kama hainichomi.